Daftari la Chokaa

Redio inasema timu ile ilianzishwa juzi,
kule pwani, na tajiri mwenye malori.
Mtangazaji ni kijana, maneno yanamtoka kama maji ya bomba.
Nami hapa Mafinga, miguu karibu na jiko la mkaa,
namjibu: mwanangu, wewe huna daftari.

Ilianzishwa na watu kumi na mmoja,
watatu kati yao hawakuwa na viatu.
Mwaka sitini na nane, Jumapili, baada ya misa,
nyuma ya kiwanda walichokaushia pareto
mpaka mtaa mzima unapiga chafya.
Milingoti ya goli ilikuwa misindano mibichi.
Kipa Kihongole alirudi kwake na utomvu viganjani,
mkewe akamuuliza asali ameiba wapi.

Jezi nyeupe, ukosi wa njano:
ua lenyewe la pareto, limevaa namba.
Bi Skolastika Luhwago alizifua kwa majivu
akazianika juu ya michongoma,
na Julai zilikauka zimesimama zenyewe, ngumu kwa baridi,
kikosi kizima bila watu ndani.

Mimi nilipewa ndoo mwaka sabini na mbili,
kwa sababu mguu wangu mbovu
na mkono wangu umenyooka.
Kamba, mambo mbili, chokaa.
Kamati ilipoona naandika hati nzuri
wakaniongezea na daftari.

Themanini na tatu tukapanda daraja.
Sitaki kuongeza chumvi: tulikaa msimu mmoja na nusu.
Dar tulifungwa matano,
na tuliporudi basi la kiwanda likachemka Kitonga.
Tukashuka wote, wachezaji, kocha, mimi na mguu wangu,
tukalisukuma kona baada ya kona,
maporomoko upande huu, nyani wakitutazama upande ule.
Hapo ndipo Tweve, winga wetu, aliposema:
"Leo angalau tunapanda."
Hakuna aliyecheka mpaka tulipofika Ilula.

Halafu ile mechi.
Vigogo wamekuja na makoti yao, wanatetemeka,
ukungu ukashuka kipindi cha pili
kama mtu aliyefunika sufuria.
Waliokaa upande wa kiwanda hawakuwaona wa upande wa shule.
Mpira tuliufuata kwa masikio:
buti, buti, tope, mtu anamwita Mahenge,
kisha wavu. Wavu tuliusikia.
Refa akatembea hadi golini, akamuuliza kipa wao,
mtoto wa Tabora, mlelewa wa watu:
"Umeingia?"
Akasema, "Umeingia, baba."

Watu wanne walidai bao lile hadi kufa kwao,
mmoja wao beki ambaye hakuwahi kuvuka mstari wangu wa kati.
Mimi niliandika: dakika ya sabini na moja, Ukungu.

Baada ya hapo kurasa zinakuwa nyepesi.
Kiwanda kilipofungwa mishahara ilikuwa mahindi,
kisha nusu gunia, kisha ahadi.
Msimu wa ulanzi mazoezi yalikosa watu.
Kihongole alizikwa na glavu zake,
Bi Skolastika akahamia kwa binti yake Makambako
na jezi saba ambazo hatukumdai.

Wakaja waheshimiwa wawili na mkoba.
Hawakununua uwanja, hawakununua magoli,
hata mimi hawakuniuliza bei.
Walinunua nafasi yetu kwenye ligi,
kitu kisicho na uzito, hakijazi hata kikapu,
wakakiweka kwenye mkoba wakaondoka nacho,
na Jumamosi iliyofuata nilichora mistari
na hakuna aliyekuja
isipokuwa ng'ombe wa Chengula,
ambao walikata kona vizuri tu.

Nasema haya kwa redio, si kwa watu.
Watu wana mbao za kupasua.

Sasa anasoma kikosi.
Namba moja, simjui. Mbili, simjui.
Nafika kumi na moja sijapata jina la kwetu hata moja.
Betri zimeanza kuishiwa.
Nazitoa, nazianika kidogo karibu na jiko,
nazirudisha,
wasije wakafunga nisisikie.